UMAR BIN ABDULAZIZ (R.A.): KIONGOZI ALIYETEGA SIKIO

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Kila Ramadhani, darsa za msikitini hutukumbusha uadilifu wa Khalifa Umar bin Abdulaziz. Wengi wetu tunakijua kile kisa cha taa: alivyozima taa ya serikali pale mgeni wake alipoanza kumuuliza habari za nyumbani, akawasha ya kwake. Ni kisa kizuri, na kinamfaa kila aliyepewa funguo za ofisi ya watu. Lakini kuna jambo jengine katika maisha yake ambalo halitajwi sana, na sisi vijana tunaoingia kazini tunalihitaji mno. Nalo ni masikio yake. Mtu huyu alitawala dola iliyoanzia Andalus, yaani Uhispania, mpaka Sindi upande wa Bara Hindi. Na bado mwanamke maskini wa Misri aliyekuwa akiibiwa kuku wake aliweza kumfikia na akasikizwa. Hebu tutazame iliwezekana vipi.

NYUMBA ALIYOTOKA

Mamake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Wasimulizi wanaeleza kuwa Sayyidna Umar alikuwa akizunguka mitaa ya Madina usiku ili ajue hali za raia wake. Usiku mmoja akasikia mama na bintiye wakibishana ndani ya nyumba. Mama anataka maziwa ya kuuza yatiwe maji, binti hataki kwa sababu Khalifa amekataza, na hata kama Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa anawaona. Kulipokucha Sayyidna Umar akaulizia habari za binti yule, na mwanawe Asim akamuoa. Katika kizazi cha ndoa hiyo ndipo akapatikana Umar bin Abdulaziz.

Babake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa karibu miaka 20. Alimpeleka mwanawe Madina akasome, na akamkabidhi kwa mwalimu aitwaye Salih bin Kaysan. Siku moja kijana akachelewa swala ya jamaa. Alipoulizwa, akasema alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu hakunyamaza kwa kuogopa cheo cha baba. Alimuandikia barua Misri. Na baba naye hakukasirika ati mtoto wa gavana ameshtakiwa. Alituma mtu kutoka Misri mpaka Madina, akamnyoa kijana kichwa. Mtoto aliyelelewa hivyo alijua mapema kwamba neno la mtu wa chini laweza kumpata wa juu, likafanyiwa kazi.

Lakini msidhani alikuwa zahidi tangu ujanani. La. Alikuwa kijana wa kitajiri hasa, anayependa nguo za bei na manukato, na mwendo wake wa maringo watu walikuwa wakiuiga. Alimuoa Fatima, binti wa Khalifa Abdulmalik bin Marwan. Dunia ilikuwa mikononi mwake.

WANAZUONI KUMI WA MADINA

Mwaka 87 Hijria (706), Khalifa Walid bin Abdulmalik alimfanya gavana wa Madina. Alikuwa na umri wa miaka kama 25 hivi, yaani rika la wengi wanaosoma ukurasa huu. Aliingia mji na mizigo iliyobebwa na ngamia 30. Mtu wa namna hiyo ungetarajia aanze kwa kutoa amri. Yeye siku ile ile, baada ya kuswali adhuhuri, aliwaita wanazuoni kumi wa mji. Miongoni mwao walikuwa Urwa bin Zubayr, Qasim bin Muhammad, Salim bin Abdullah bin Umar, Sulayman bin Yasar na Kharija bin Zayd.

Aliwaambia mambo mawili. La kwanza, hataamua jambo ila kwa rai yao, au rai ya watakaokuwapo kati yao. La pili ndilo zito zaidi: wakimuona yeyote anavuka mipaka, au wakisikia kuwa mfanyikazi wake yeyote amemdhulumu mtu, basi anawaapisha kwa jina la Allah wamfikishie habari. Wakatoka wakimuombea kheri.

Tazama vizuri hapo. Viongozi wengi huomba ushauri, lakini wachache huomba malalamiko dhidi ya watu wao wenyewe. Gavana huyu alijua kwamba aliye kati yake na raia, yaani karani, askari, mkusanya kodi, ndiye aliye rahisi kuziba njia ya habari. Kwa hivyo akafungua njia nyengine ambayo haipiti kwa hao.

KIFO CHA KHUBAIB

Ndugu msomaji, maisha ya watu wema tusiyasimulie kama kwamba hawakuteleza. Mwaka 93 Hijria, amri ilitoka kwa Khalifa Walid kwamba Khubaib, mtoto wa Abdullah bin Zubayr, apigwe mijeledi kwa maneno aliyoyasimulia yaliyowaudhi watawala. Gavana Umar alitekeleza. Khubaib akapigwa, akamwagiwa maji baridi siku ya baridi kali, na kwa sababu ya adhabu hiyo akafa.

Siku hiyo Umar alilisikiza neno lililotoka juu peke yake. Wale aliowaahidi kuwauliza walikuwako mjini, na aliyekuwa akipigwa alikuwa mbele ya macho yake, lakini amri ya bosi ndiyo iliyotangulia. Mauti hayo yalimuumiza maisha yake yote. Kila akisifiwa kwa jema alilofanya na kupewa bishara njema, alikuwa akiuliza itakuwaje na Khubaib.

Mwaka huo huo aliondolewa ugavana. Sababu ilikuwa Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraq aliyejulikana kwa ukali, kumlalamikia kwa Khalifa kwamba watu wanaokimbia Iraq wanapata hifadhi Madina. Umar akaondoka Madina akarudi Sham.

MZIGO ASIOUOMBA

Mwezi wa Safar mwaka 99 Hijria (717), Khalifa Sulayman bin Abdulmalik alifariki mahali paitwapo Dabiq, kaskazini mwa Sham. Alikuwa ameacha barua iliyofungwa kwa muhuri, kwa ushauri wa mwanachuoni Raja bin Haywa. Barua ilipofunguliwa, jina lililokuwamo ni la Umar. Wengine walitamani, yeye alihuzunika. Wakamletea farasi wa kifalme, akawakataa, akaomba nyumbu wake mwenyewe.

Baada ya maziko alikuwa amechoka, akataka kulala kidogo. Mwanawe kijana, Abdulmalik, akamjia akamuuliza vipi atalala na hali haki za watu zilizodhulumiwa hazijarudishwa. Baba akasema atazishughulikia baada ya adhuhuri. Kijana akamuuliza ni nani aliyemdhaminia kwamba ataishi mpaka adhuhuri. Umar hakumwambia akae kimya kwa kuwa ni mtoto. Alimvuta, akambusu, akamshukuru Allah kwa kumpa mwana wa kumsaidia katika dini yake, kisha akainuka bila ya kulala. Ikatangazwa kwamba kila mwenye dhulma aje. Akaja mtu wa Hims asiyekuwa Muislamu, akamshtaki Abbas, mtoto wa Khalifa Walid, kwamba amechukua ardhi yake. Abbas akatoa hati ya babake. Khalifa akaona Kitabu cha Allah kina haki zaidi ya kufuatwa kuliko hati ya Walid, akaamuru ardhi irudi kwa mwenyewe.

NJIA ALIZOZIFUNGUA

Hapa ndipo penye somo letu hasa. Umar hakutosheka na kusema kwamba mlango wake uko wazi. Kila bosi husema hivyo. Yeye aliweka mambo yanayomlazimu kusikia.

Kwanza, alimpa kazi Amr bin Muhajir, mkuu wa walinzi wake. Kazi yenyewe ni hii: akimuona Khalifa ameinamia kinyume cha haki, amshike ukosi wa nguo yake, amtikise, amuulize anafanya nini. Yaani mfanyikazi alipewa amri ya kumzuia mwajiri wake.

Pili, alimweka karibu Muzahim, mtumwa aliyeachwa huru. Umar mwenyewe alikuwa akisema kuwa Muzahim ndiye wa kwanza kumzindua. Alikuwa amemfunga mtu na kupitisha kiasi katika adhabu, Muzahim akamuombea, Umar akakataa kumfungua. Muzahim hakuondoka. Alimuonya juu ya usiku ambao kutakapopambazuka itakuwa ni Kiyama. Maneno hayo yakamuingia, na tangu siku hiyo akawa kama mtu aliyefunuliwa pazia usoni.

Tatu, aliandika barua isomwe mbele ya mahujaji, kwa sababu msimu wa Hija ndio watu wa kila upande hukutana. Yeyote atakayekuja kwake na habari ya kurudisha dhulma, au jambo ambalo Allah atatengeneza kwalo mambo ya watu, atapewa kati ya dinari 100 na 300, kulingana na umbali wa safari yake na uzito wa jambo alilolileta. Subhanallah! Sisi mlalamishi tunamuona msumbufu, Khalifa alimrudishia nauli na zaidi. Alifahamu kwamba maskini hanyamazi kwa kuwa ameridhika. Hunyamaza kwa sababu kusema kunamgharimu.

ALIYENYAMAZA KIKAONI

Khurasan ilikuwa jimbo la mbali sana mashariki, na gavana wake alikuwa Jarrah bin Abdullah. Huyu hakuwa mtu mwovu. Alikuwa shujaa, na baadaye, mwaka 112 Hijria (730), alikufa vitani. Khalifa alimuandikia atume ujumbe wa watu waeleze hali ya huko. Jarrah akatuma watu watatu: Waarabu wawili, na mmoja katika mawali, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu. Jina lake ni Abu Sayda Salih bin Tarif.

Wale Waarabu wawili wakazungumza. Wa tatu amekaa kimya. Umar akamgeukia, akamuuliza kama yeye si mmoja wa ujumbe ule, na kama ni mmoja wao, ni kitu gani kinamzuia kusema. Hapo ndipo akafunguka. Akaeleza kwamba mawali 20,000 wanakwenda vitani pamoja na Waislamu wenzao bila ya mshahara wala posho. Na wengine idadi kama hiyo wamesilimu lakini bado wanatozwa kodi waliyokuwa wakitozwa kabla ya Uislamu. Na gavana wao ni mkali, mwenye kuwapendelea watu wake.

Kama Khalifa angeridhika na wasemaji wawili, kikao kingekwisha kwa salama na watu 40,000 wangebaki na dhulma yao. Badala yake alimwambia kuwa mtu kama yeye ndiye anayefaa kutumwa. Papo hapo akamuandikia Jarrah kwamba anayeswali kuelekea kibla aondolewe jizya.

Watu wakaingia katika Uislamu kwa wingi. Jarrah akashauriwa awajaribu kwa kuwatahiri, kwa madai kuwa wanakimbia kodi tu. Khalifa akakataa, akamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ametumwa kulingania, hakutumwa kutahiri watu. Mwaka 100 Hijria (719), Jarrah akaondolewa. Huko huko mashariki, watu wa Samarkand, mji ulioko Uzbekistan ya leo, nao walilalamika kwamba mji wao ulitekwa kwa hila miaka ya nyuma. Khalifa akaamuru kadhi awasikilize. Kadhi akahukumu kwamba Waislamu watoke, mambo yaanze upya. Wenyeji walipoona hukumu ile wakaridhia kubaki nao kwa amani.

KUKU WA FARTUNA

Sasa turudi kwa yule mama wa Misri. Matarishi wa Khalifa hawakuwa wakikataa barua ya mtu yeyote, awe tajiri au fukara. Tarishi mmoja akiondoka Misri, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, jina lake Fartuna, akampa barua. Alimueleza Khalifa kwamba ukuta wa nyumba yake ni mfupi, watu wanaurukia na kumuibia kuku.

Khalifa wa dola nzima aliisoma, kisha akaandika barua mbili. Moja ni kwa Fartuna, kumjulisha kuwa habari yake imefika. Nyengine ni kwa gavana wa Misri, Ayyub bin Shurahbil, kumuamuru apande kipando yeye mwenyewe aende akaujenge ukuta ule. Ayyub akaenda mpaka Giza, akauliza nyumba ya Fartuna mpaka akaonyeshwa, akamkuta ni bibi fukara, akamuinulia ukuta wake.

Kuna watakaosema, hii si kazi ya Khalifa. Lakini fikiria gavana Ayyub baada ya siku hiyo. Amejua kwamba hata kuku wa bibi mmoja huulizwa Sham. Je, ataacha jambo kubwa zaidi lipite?

KUSIKIZA SI KUMRIDHISHA KILA MTU

Tusije tukafahamu vibaya. Jamaa zake wa Bani Umayya walilalamika sana alipozirudisha mali walizozichukua bila ya haki. Wakamtuma hata shangazi yake, Fatima bint Marwan, akazungumze naye. Alimpokea kwa heshima, akamsikiza mpaka mwisho, lakini hakubadilisha neno. Kwa sababu walilokuwa wakilitaka ni dhulma irudi.

Na upande mwengine, Makhawarij wa Iraq walipoasi, aliwaandikia kiongozi wao alete watu wajadiliane. Wakaja wawili. Mjadala ulipofika kwenye kurithiwa kwake na Yazid bin Abdulmalik, wakambana kwa hoja: ikiwa unajua hafai, vipi unamuachia umma? Umar akaomba muda afikirie. Muasi ametoa hoja ya kweli, na Khalifa hakuona haya kukosa jibu.

Haukupita muda akaugua. Wasimulizi wengi wanasema alitiliwa sumu na mtumishi wake aliyehongwa dinari 1,000. Alimuita, akamuuliza, mtumishi akakiri. Dinari zile zikatiwa Baitul Mal, na yule mtumishi akaambiwa aende asionekane. Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720), Dayr Sim'an, nchi ya Sham, akiwa na miaka kama 39. Alitawala miaka miwili na miezi mitano tu. Yazid aliyemrithi alirudisha mengi yalivyokuwa, kodi za waliosilimu zikaanza tena, na Khurasan ikabaki na kinyongo. Mwaka 132 Hijria (750) dola ya Bani Umayya iliangushwa na jeshi lililoanzia Khurasan, na mawali wakiwa wengi ndani yake. Wasiosikizwa hawakubaki kimya milele.

NA SISI JE?

Huenda hutakuwa khalifa. Lakini leo wewe ni msimamizi wa duka la mjomba wako Eastleigh, au meneja wa hoteli Mombasa, au mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, au mwalimu mkuu wa madrasa. Una watu chini yako, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi chukua haya machache:

1. Kwenye kikao, mtazame aliyenyamaza. Muulize kwa jina lake, kwa upole. Mara nyingi mzigo uko kwake.

2. Usitegemee habari za msaidizi wako peke yake. Mwenye hoteli anayetaka kupanga zamu za Ramadhani, asizungumze na meneja tu. Amuulize mpishi, amuulize anayeosha vyombo, awaulize wanafuturia wapi na wanarudi vipi nyumbani baada ya tarawehe.

3. Kusema kusimgharimu mtu. Mfanyikazi aliyetoa lalamiko Jumatatu akapunguziwa siku za kazi Ijumaa, wenzake wote wamesoma barua hiyo. Hakuna atakayekuambia kitu tena, na wewe utadhani mambo ni sawa.

4. Ukisikia, fanya, kisha mrudishie habari. Fartuna aliandikiwa jibu kabla ya ukuta kujengwa.

5. Amri ikitoka juu na wewe wajua itamuumiza mtu bure, kumbuka Khubaib. Sema kabla ya kutekeleza, kwa sababu baada yake majuto hayamrudishi mtu.

Mwezi huu tunafunga midomo na matumbo. Na masikio nayo yana saumu yake: kuyazuia na kusengenya, na kuyafungua kwa mwenye haki. Anza leo kabla ya futari. Kuna mtu kazini kwako ambaye hujamuuliza hali yake tangu Shaabani.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Umar bin Abdulaziz, amrehemu Khubaib, amrehemu na yule bibi wa Giza, na atujaalie miongoni mwa wanaosikia kauli wakafuata iliyo njema. Amin. Ramadhan Karim.